Sitakuandikia Orodha ya Vyakula Kumi

Binamu yangu anasafiri kwenda Italia mwezi wa tisa, yeye na mkewe, siku kumi na mbili. Tiketi wameshalipa, visa wamepata baada ya kuhangaishwa jinsi sisi sote huhangaishwa, na sasa limebaki jambo moja tu ambalo ati ni mimi wa kulimaliza. Amenitumia ujumbe: "Wewe ulikaa huko. Niandikie vile vyakula kumi vya jadi ambavyo lazima tuvionje. Orodha fupi tu, tusisumbuke."

Nimekaa na ujumbe huo siku nne. Sitaiandika hiyo orodha. Na kwa vile najua nitaulizwa sababu mbele ya watu, pengine kwenye arusi ya mtu, wacha niitoe hapa mapema.

Orodha yenyewe naijua. Hata wewe unayesoma unaijua. Piza ya Napoli, carbonara ya Roma, lazanya, risotto, nyama ya kuchoma ya Firenze, tiramisù, jelato, kikombe cha espresso, halafu onyo mwishoni kwamba usiagize cappuccino baada ya saa tano asubuhi, Waitaliano watakucheka. Juu yake huwekwa picha ya bibi mwenye mvi, mikono imejaa unga, anatabasamu. Huyo bibi nina neno naye. Nitamrudia.

Kwanza hilo neno "jadi". Ukimwuliza mtu wa Roma kuhusu carbonara atakuapia kwa marehemu babu yake. Lakini mapishi ya kwanza ya carbonara yanayojulikana kuchapishwa ni ya mwaka 1952, tena kwenye kitabu cha mwongozo wa mikahawa ya Chicago. Jarida la mapishi la Italia lilipoyachapisha 1954, lilitia kitunguu saumu na jibini ya Uswisi. Leo mtie kitunguu saumu mpishi wa Roma kwenye carbonara yake uone kama utatoka na meno. Tiramisù nayo, watu wa Treviso wanajivunia kuibuni kwenye mwaka 1970 hivi. Mama yangu amezaliwa 1955. Ni mkubwa kuliko tiramisù. Na nyanya ilitoka bara la Amerika. Mapishi ya kwanza ya sosi yake yaliandikwa Napoli miaka ya 1690 na mpishi mmoja aitwaye Antonio Latini, naye akaiita sosi ya Kihispania.

Sisemi haya kumdharau mtu. Chakula kipya si dhambi, na carbonara iliyopikwa vizuri ningeila hata kama imebuniwa jana jioni. Ninachokikataa ni jinsi neno lenyewe linavyotumika kama ua la kuzuia watu. Mwaka 2009 mji wa Lucca, ulio na kuta nzuri za kale ambazo utapiga nazo picha, ulipitisha sheria ya kuzuia mikahawa mipya ya vyakula vya "kigeni" katikati ya mji. Mwaka 2016 Verona nao ukafunga mlango kwa maduka mapya ya kebabu, ili kulinda utamaduni. Desemba 2025 UNESCO imeyaandika mapishi ya Italia kwenye urithi wa binadamu, na mimi nilifurahi, kwa sababu kilichosifiwa humo ni kupika kwa kila siku, kwa mikono, kwa kurithishana. Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Mikono ya nani?

Mimi ni mtoto wa Malindi. Waitaliano walitujia na roketi, sifanyi mzaha: mwaka 1967 walirusha setilaiti kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini pale Ngomeni. Nyuma ya wahandisi wakaja watalii, nyuma ya watalii nyumba za ufuoni, na nyuma ya nyumba mikahawa, hadi kwetu muuza madafu akawa anajua kubishana bei kwa Kiitaliano kabla hajajua Kiingereza.

Mama alianza kazi 1991, kuosha vyombo, katika hoteli moja ndogo ambayo jina lake naliacha. Wenyewe walishauza wakaondoka. Mama mkwe wa mwenye hoteli alikuwa bibi wa Emilia, mkali, hana subira na mtu, na ndiye aliyemfundisha. Mama anasimulia kwamba wiki tatu za kwanza kila unga alioukanda ulitupwa kwa kuku. Wiki ya nne bibi aliusukuma kidole, akakaa kimya, akatoka kwenda kuvuta sigara. Tangu siku hiyo hakuutupa tena. Alimfundisha kusukuma unga kwa mpini mrefu hadi uwe mwembamba wa kuonyesha mkono upande wa pili, kukata tagliatelle kwa kisu bila kupima, kujua gnocchi imekolea kwa kuibonyeza na uma. Bibi alirudi kwao 1994 na hakuja tena. Kutoka hapo hadi 2013, miaka kumi na tisa, kila uzi wa pasta uliotoka kwenye jiko lile ulitoka mikononi mwa mama yangu, Mgiriama wa Ganda, futi tano na inchi moja.

Jikoni humo humo kulikuwa na mzee mmoja Mwislamu aliyekaanga nyama ya nguruwe mwaka baada ya mwaka bila kuionja hata mara moja. Alijua imeiva kwa pua na kwa mlio wa mafuta. Alikuwa hakosei. Sijawahi kumwona kwenye picha ya kitabu chochote cha mapishi.

Basi mlangoni pa hoteli walitundika picha kubwa ya bibi wa Kizungu, mvi, unga mikononi, na maandishi ya Kiitaliano yaliyosema kwamba hapa anapika nyanya. Hata hakuwa yule bibi wa Emilia. Ilikuwa picha ya kununua. Na usiku ambao wageni walishiba vizuri wakaomba kumpongeza mpishi, mke wa mwenye hoteli alikuwa anavaa aproni, anajipaka unga kidogo hapa kwenye shavu, anatoka. Mama alisikia makofi kutoka nyuma ya mlango.

Yeye huisimulia hadithi hii akicheka, na huiga vile mama yule alivyokuwa akijipaka unga. Mimi sicheki. Alipoacha kazi kwa sababu ya magoti, barua yake ya kazi iliandikwa "msaidizi wa jikoni". Ninayo. Nimeiweka kwenye faili moja na vyeti vyangu vya shule ambavyo hiyo pasta ndiyo ilivilipia.

Kwa hiyo unaponiambia nikuchagulie chakula cha jadi cha Italia, binamu yangu, ukiwa na maana kile cha picha ya bibi, unaniuma mahali.

Mwaka 2019 nilipata nafasi ya kukaa Bologna miezi minne kwa masomo. Mama hakunipa orodha. Alinipa maswali. Niwaulize ni mayai mangapi kwa kilo ya unga. Niangalie kama wanatia chumvi kwenye unga wenyewe ama kwenye maji peke yake. Nilimuuliza bibi mmoja sokoni, akaniambia yai moja kwa gramu mia, chumvi kwenye maji. Nikampigia mama. Akasema, "Haya," kama mwalimu aliyesikia jibu alilolijua.

Bologna usitafute spageti ya bolonyesi, hawana, na ukiiuliza watakutazama kwa huruma. Wana tagliatelle na mchuzi mzito wa nyama, na mchuzi huo waliuandikisha kwenye chama cha wafanyabiashara wa mji mwaka 1982, kama mtu anavyoandikisha shamba. Tagliatelle zenyewe walikuwa wameshaziandikisha kumi iliyotangulia, 1972, na wanaweka kipimo chake cha dhahabu: ikishaiva, upana wake uwe milimita nane. Dhahabu, jameni. Nilimsimulia mama kwa simu tukacheka hadi nikakohoa. Jumapili hiyo akapika za kwake, akatoa chache kwenye sahani, akazipima kwa rula ya shule ya mjukuu. Akanipigia: nyingi nane, mbili tatu zilikuwa tisa. "Hizo za tisa nilizikata mgongo ukiuma."

Mnielewe vizuri, kwa sababu hapa wengi hunipotosha. Siko upande wa wanaosema kila mtu apike anavyotaka na yote ni sawa. Mama yangu akiona krimu kwenye carbonara anatukana kwa Kigiriama. Kanuni ana kuliko Waroma wengi. Nami nikila pilau iliyotiwa manjano ili ipendeze macho huwa nakasirika siku nzima. Kanuni ni kitu cha kufunzwa na kushikwa, na aliyezifunzwa akazishika ni mwenyewe, awe wa Ganda ama wa Modena. Ingia leo nyuma ya mikahawa ya Roma uone ni nani amesimama kwenye tanuri: Mmisri, Mbangladeshi. Ndio wanaolinda hiyo jadi usiku wa manane, na ndio ambao sheria ya Lucca ingewakataza kufungua mlango wa mbele kwa jina lao na chakula chao.

Sasa tuingie kwenye vile ambavyo orodha haikuambii.

Firenze kuna vibanda vya magurudumu pembeni ya soko. Mwuzaji ana sufuria kubwa inayochemka tangu asubuhi, na ndani yake ni lampredotto, tumbo la nne la ng'ombe, limechemshwa na kitunguu, nyanya na sileri. Analitoa kwa uma, analikatakata upesi upesi, analitia kwenye mkate, na kile kipande cha juu cha mkate anakichovya kwenye supu kabla ya kufunika. Juu sosi ya majani mabichi, na pilipili ukitaka. Unakula umesimama, umeinama mbele, supu isikumwagikie shati. Mabwana wa suti wanakula hivyo hivyo pamoja na wachukuzi.

Nikiwa kwenye foleni nikasikia Kiswahili nyuma yangu. Dada wawili, Wakenya, wamependeza. Mmoja akanyoosha shingo kuangalia ndani ya sufuria.

"Ai! Si haya ni matumbo?"

"Matumbo kabisa."

"Sikupanda ndege masaa yote hayo nije kula matumbo. Twende tutafute ile jelato."

Wakaenda. Nilitaka kuwaita, nikaona haya. Huo ndio mkate mtamu kuliko yote niliyokula katika mji huo, na waliukimbia kwa sababu waliutambua. Kama mwuzaji angewaambia jina la Kiitaliano bila kuwafunulia sufuria, wangelipa mara tatu na kupiga picha.

Huu ndio ugonjwa wetu, na orodha zinaulisha. Ribollita ya Toscana, ambayo siku hizi inaletwa mezani kwenye bakuli la udongo, ni maharagwe ya jana, mkate mkavu wa juzi, na majani meusi ambayo mama mboga yeyote wa Kangemi angeyaita ndugu ya sukuma wiki. Jina lenyewe maana yake ni "iliyochemshwa tena". Kiporo, bwana! Polenta ni sima ya manjano. Hakuna la kuongeza, ni sima: maji, mahindi, chumvi, mwiko na mkono wenye nguvu. Watu wa kusini ya Italia huwatukana wa kaskazini kwa kuwaita walaji wa polenta, kama sisi tunavyotaniana kwa chakula. Na yule wa kaskazini hakuila kwa kupenda. Mkulima wa Veneto wa karne ya 18 na ya 19 aliila asubuhi, mchana na usiku kwa sababu ngano ilienda kwa mwenye shamba, hadi ikamtia ugonjwa wa pelagra, ngozi ikabambuka na akili ikapotea. Mahindi yalivuka bahari bila ule ujuzi wa watu wa Meksiko wa kuyaloweka kwenye chokaa, ujuzi ambao ungemponya. Mitaa mizima ya wendawazimu ilijaa watu ambao shida yao ilikuwa sahani. Leo polenta hiyo hiyo iko Nairobi, imekatwa mraba mdogo, imechomwa, imewekewa uyoga mmoja juu, kwa bei ya chakula cha nyumba nzima wiki moja. Na kwenye ukurasa wa nyuma wa menyu hiyo hiyo wameandika ugali, bila maelezo, kama kitu cha dereva.

Nenda Palermo. Kama ni mji mmoja nakuchagulia, ni huo. Jioni pale bandarini wanauza mkate wenye ufuta juu, ndani wametia wengu na pafu la ng'ombe, limechemshwa, likakatwa nyembamba, likakaangwa kwenye mafuta ya nguruwe. Mwuzaji anakuuliza: unataka kapera ama aliyeoa? Kapera ni mtupu, na ndimu tu. Aliyeoa ametiwa jibini. Wenyeji husimulia kwamba ni mkate wa wachinjaji Wayahudi, ambao hawakupokea pesa kwa kuchinja bali walipewa vya ndani, wakavitafutia soko. Wayahudi wakafukuzwa Sisilia kwa amri ya 1492, mkate ukabaki. Karibu na hapo utapata panelle, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa. Mtu wa Mombasa haelezwi unga wa dengu uliokaangwa, atafumba macho tu na kuuliza ukwaju uko wapi.

Sisilia ilitawaliwa na Waislamu karne ya 9 hadi ya 11. Hata baada ya Wanormani kuichukua, mfalme wao Roger wa Pili alimkalisha kwake mwanajiografia al-Idrisi, na mwaka 1154 al-Idrisi akamaliza kitabu chake kikubwa cha dunia. Humo anasema kwamba katika mji wa Trabia, karibu na Palermo, wanatengeneza itriya, tambi kavu za ngano, kwa wingi, na kuzipakia merikebuni kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Hiyo ni karne nzima kabla ya Marco Polo kuzaliwa, yule anayesingiziwa kuleta pasta kutoka Uchina. Na kitabu hicho hicho, kilichoandikwa kwa Kiarabu ndani ya ikulu ya Palermo, kinataja Malindi. Kinasema watu wake wana machimbo ya chuma. Nilisoma hayo nikiwa kwenye chumba cha kupanga, nikasimama nikazunguka meza. Miaka karibu mia tisa iliyopita, pasta na kwetu vilikuwa ndani ya jalada moja, halafu mimi nije kuambiwa kwamba mama yangu anaiga chakula cha wenyewe.

Ukitoka Palermo ufike Trapani, ule kuskusi. Ndiyo, kuskusi, ya mvuke, juu yake mchuzi wa samaki wa kila aina, na bibi wa Trapani anaisugua ngano kwenye bakuli pana la udongo kwa vidole, polepole, jinsi wanavyofanya Tunisia ng'ambo ya maji. Kila Septemba pale San Vito Lo Capo wanaifanyia sherehe. Hakuna wa kuwaambia kuwa ni chakula cha kigeni. Ilivuka na wavuvi na wafanyabiashara, ikakaa, leo ni jadi.

Shika hilo la kuskusi, kwa sababu sasa nakupeleka Foggia, na Foggia haimo kwenye orodha yoyote.

Ni tambarare, joto la Agosti linapanda kutoka ardhini, nyanya hadi macho yanapokoma. Ni zile ndefu za kumenywa na kutiwa mikebeni. Mama alifungua mikebe hiyo miaka ishirini na miwili. Maandishi yake anayajua kwa moyo kama sala. Wanaozichuma wengi wao ni watu wetu, wa Mali, Gambia, Senegali, Ghana, Nigeria, pamoja na Waromania na Wabulgaria. Ripoti za vyama vya wafanyakazi kwa miaka zimetaja yuro tatu na nusu hadi nne kwa kasha la kilo mia tatu, na kutoka hapo unamlipa nyapara usafiri. Mwaka 1989 Jerry Masslo, mkimbizi wa Afrika Kusini aliyekuwa akichuma nyanya Villa Literno, karibu na Napoli, aliuawa na majambazi kwenye banda alimolala. Agosti 2018, hapo Foggia, wachumaji kumi na sita walikufa ndani ya saa arobaini na nane katika ajali mbili za barabarani, wakirudi kutoka shambani, wamejazwa kwenye magari kama hayo makasha. Sheria dhidi ya manyapara hao ilikuwa imepitishwa tangu 2016.

Nilienda mwaka mmoja baadaye, na mwanafunzi mwenzangu Msenegali aliyekuwa na binamu yake Borgo Mezzanone. Watu wanaishi kwenye barabara ya ndege ya zamani, mabanda ya mbao na nailoni pande zote mbili. Kuna kinyozi, kuna msikiti, kuna anayechaji simu. Na kuna mama mmoja mwenye sufuria tatu. Tulikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa akatupakulia wali uliopikwa kwenye nyanya, mwekundu hadi chini, samaki mmoja mdogo juu, ukoko pembeni kwa anayeutaka. Nyanya zilikuwa zimechumwa asubuhi hiyo. Sijala nyanya kama zile Bologna, wala Napoli, wala popote. Hazikuwa zimepanda lori. Hazikuwa zimeona mkebe.

Yule binamu wa rafiki yangu, mikono imekuwa myeusi ile ya utomvu wa nyanya usiotoka kwa sabuni, aliniuliza nilichokuja kufanya Italia. Nikaona haya kumwambia kwamba nimekuwa nikizunguka kuonja vyakula. Nikasema masomo.

Sasa niambie ni kwa kanuni gani wali ule si chakula cha Italia. Nyanya ni za Puglia. Aliyezichuma anaishi Puglia. Bahari aliyovuka ni ile ile kuskusi iliyovuka. Kama tofauti ni miaka tu, basi kisemwe hivyo, na tujue tunasubiri karne ngapi. Lakini najua kwamba miaka siyo. Carbonara ilipewa uraia kwa miaka kumi.

Haya, binamu. Nimekataa kukuandikia orodha lakini nisikuache na njaa. Usile mkahawa wenye picha za chakula mlangoni na mtu wa kukuvuta mkono. Kahawa kunywa umesimama, ukikaa bei inapanda. Usiagize carbonara Venezia wala risotto Napoli; kila mji una chakula chake, kula cha hapo ulipo, na kama kuna sufuria inachemka barabarani na foleni ya wafanyakazi, jiunge nayo hata kama unajua kilichomo. Hasa kama unajua. Ukishiba omba kumwona mpishi. Usikubali aliyekuja na aproni safi. Sema unataka kuingia jikoni, samahani, nchini kwetu ndiyo desturi. Wadanganye hivyo. Ingia, angalia aliyesimama mbele ya moto, msalimie kwa lugha yoyote mtakayopatana.

Foggia sikulazimishi. Mko fungate, nafahamu.

Mama amesikia mnaenda na ana ombi moja. Mpini wake wa kusukumia, ule alioachiwa na bibi wa Emilia, umeliwa na mchwa upande mmoja, unaacha alama kwenye unga. Huko unaitwa mattarello. Anataka wa mti mgumu, usiopakwa rangi, urefu usipungue sentimita themanini. Hautaingia kwenye mkoba wa mkononi, utaukagua kwenye sanduku kubwa, na pengine JKIA watakufungua wakuulize hili rungu ni la nini. Waambie ni la mpishi.